Gari Linapovuta Upande Mmoja: Namna ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Gari likianza kuvuta upande, wenye magari wengi hulipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya alaimenti. Pembe za magurudumu hurekebishwa, malipo hufanyika, na baada ya kilomita chache dereva anajikuta tena anashindana na usukani ule ule. Hilo hutokea kwa sababu alaimenti ni chanzo kimoja tu kati ya vingi, tena ndicho kinachopaswa kupimwa mwisho. Ukiipima huku tairi lina kasoro au breki ya gurudumu moja imekwama, mashine itaonyesha namba nzuri na gari litaendelea kuvuta. Mwongozo huu unaanza na yale unayoweza kuyakagua bila gharama na kuyarudisha yalivyokuwa, kisha unashuka polepole hadi kwenye vipuri ambavyo havifai kununuliwa kwa kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri utaratibu huo. Iwapo gari limeanza kuvuta ghafla na kwa nguvu, hasa likiambatana na mtikisiko, harufu ya kuungua au mlio wa chuma, punguza mwendo taratibu, toka barabarani na usimame mahali salama. Angalia kama kuna tairi lililopungua upepo, nati za gurudumu zilizolegea, au gurudumu lililosimama kwa pembe isiyo ya kawaida. Usiendelee na safari kwa matumaini kwamba hali itajirekebisha, kwa maana kiungo cha saspensheni (mfumo unaolibeba gari juu ya magurudumu) kinachokaribia kukatika huweza kutoa dalili hiyo kwa muda mfupi tu kabla ya kuachia.

Hakikisha kwanza kama kweli linavuta

Malalamiko matatu tofauti huitwa kwa jina moja. La kwanza ni kuvuta kwenyewe: ukilegeza mikono kwenye usukani, gari linaacha mstari na kuelekea upande mmoja, na ili liende sawa inakubidi uushikilie usukani kwa nguvu. La pili ni usukani uliokaa upande: gari linakwenda sawa hata ukilegeza mikono, ila usukani wenyewe umepinda kidogo, na hiyo mara nyingi ni kazi ya mashine ya alaimenti. La tatu ni kuyumba, ambapo gari halina upande maalumu bali linatangatanga na kukulazimisha kulirekebisha kila mara. Hapo tafuta viungo vilivyolegea kwenye usukani na saspensheni badala ya kutafuta tofauti kati ya kushoto na kulia.

Barabara nayo ina sehemu yake. Barabara nyingi hujengwa zikiwa zimeinuka katikati na kushuka pembeni, kwa kawaida kwa mteremko wa takriban asilimia 2, ili maji ya mvua yasituame. Gari zima kabisa litateleza polepole kuufuata mteremko huo: kushoto kwa wanaoendesha upande wa kushoto, na kulia kwa wanaoendesha upande wa kulia. Ili kuliondoa shaka hilo, tafuta barabara ya mwelekeo mmoja yenye njia mbili au zaidi, iliyonyooka na isiyo na msongamano, uendeshe kwa mwendo ule ule kwanza katika njia ya kushoto kabisa, kisha katika ya kulia kabisa. Gari likibadilisha upande wa kuvuta kadiri unavyobadilisha njia, chanzo ni mteremko. Upepo mkali wa ubavuni nao unaweza kukudanganya, kwa hiyo rudia jaribio siku ya utulivu.

Unapofanya jaribio, usiuache usukani kabisa. Legeza vidole huku viganja vikiwa tayari kuushika, na uwe na nafasi ya kutosha pande zote. Gari likiwa na mfumo wa kulishikilia ndani ya mistari ya barabara, uzime kwanza, kwa sababu mfumo huo huusukuma usukani wenyewe na utakufanya ulaumu tairi lisilo na hatia. Toa pia mizigo mizito iliyokaa upande mmoja.

Linavuta wakati gani?

Fundi mzuri haulizi kwanza gari linavuta upande gani, bali linavuta wakati gani. Jibu la swali hilo hupunguza orodha ya vyanzo kwa zaidi ya nusu, na dereva ndiye anayelijua kuliko mtu mwingine yeyote. Endesha gari kwa umakini, kisha andika kwenye karatasi linafanya nini ukiwa kwenye mwendo wa kawaida bila kukanyaga chochote, linafanya nini ukikanyaga mafuta, ukiachia mafuta, ukikanyaga breki taratibu, na ukiachia breki. Andika pia kama upande wa kuvuta hubadilika baada ya kupiga kona.

Likivuta muda wote kwa kiasi kile kile, anza na matairi, kisha breki iliyokwama, kisha urefu wa springi na pembe za magurudumu. Likivuta zaidi kadiri safari inavyoendelea, ilhali asubuhi lilikuwa sawa, ishuku sana breki inayoshika yenyewe na kupata moto. Likivuta tu unapokanyaga breki, chanzo kiko kwenye breki za mbele au kwenye bushi (vipande vya mpira kwenye maungio) za mikono ya saspensheni. Likivuta tu unapokanyaga mafuta, angalia mfumo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu na vile vinavyoushikilia. Na likivuta kulia baada ya kona ya kulia, kisha kushoto baada ya kona ya kushoto, kuna kiungo kigumu kinachoshindwa kurudi katikati.

Matairi: upepo, uchakavu na kubadilishana pande

Pima upepo matairi yakiwa ya baridi, yaani gari likiwa limesimama kwa saa 3 au zaidi. Tairi lililotembea hupata joto na upepo wake hupanda kwa psi (kipimo cha shinikizo la upepo) kadhaa, na tairi lililopigwa jua upande mmoja wa gari husoma tofauti na lililokuwa kivulini, kwani joto likiongezeka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi upepo hupanda kwa takriban psi 1. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko ambacho kwa magari mengi hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni ukomo ambao tairi halipaswi kuuvuka, si kiwango cha kujaza. Tumia geji moja kwa matairi yote manne, kwa sababu geji mbili zinaweza kutofautiana, na hapa unatafuta tofauti kati ya kushoto na kulia kuliko namba yenyewe. Gari huvuta kuelekea upande wa tairi lenye upepo mdogo, kwa kuwa tairi hilo hulemaa na kusota zaidi barabarani.

Ukimaliza upepo, kagua matairi yenyewe. Yale mawili ya mbele yanapaswa kuwa ya ukubwa mmoja, aina moja, na yenye meno yanayokaribiana kina. Pitisha kiganja juu ya meno, kwanza kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kwenda ndani. Ukihisi ulaini upande mmoja na ncha kali ukirudi, magurudumu hayatazamani sawasawa mbele. Tairi lililolika ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje, limekuwa likikimbia kwa kulala. Lililolika kingo zote mbili na kubaki zima katikati limekosa upepo kwa muda mrefu, na lililolika katikati limejazwa kupita kiasi. Tafuta pia uvimbe ubavuni. Tairi lenye uvimbe linatolewa leo, liwe ndilo linalovuta au siyo.

Lakini tairi linaweza kuonekana zima kabisa na bado likavuta. Tabaka za nyuzi na mikanda ya chuma iliyo ndani yake zikikaa nje ya katikati kidogo, au zikihama kadiri linavyotumika, tairi hilo linakuwa na umbo linaloelekea la koni: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ila tairi likizunguka hutafuta kujiviringisha kuelekea upande mwembamba. Hakuna alaimenti inayoitibu hali hiyo. Jaribio la kuigundua ni rahisi, nami naliona kuwa ndilo lenye thamani kubwa kuliko mengine yote katika mwongozo huu, kwa sababu halihitaji kipuri chochote na jibu lake ni la wazi.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, legeza nati kidogo magurudumu yakiwa bado yamegusa chini, kisha inua mbele na uiweke juu ya stendi. Gurudumu la mbele kushoto lipeleke kulia, na la kulia lilete kushoto. Baada ya kushusha gari, bana nati kwa mpangilio wa kukatiza, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kisha rudi kwenye barabara ile ile uliyoitumia mwanzo.

Gari likibadilisha upande, yaani lililokuwa likivuta kushoto sasa linavuta kulia, chanzo ni tairi moja kati ya hayo mawili, na shughuli ya kuchunguza vyuma inaishia hapo. Likiacha kuvuta kabisa, bado ni tairi. Likiendelea kuvuta upande ule ule kwa kiasi kile kile, matairi ya mbele karibu yameondolewa kwenye lawama na unaweza kusonga mbele kwa moyo mkunjufu. Ili kujua ni lipi kati ya mawili, badilisha la mbele na la nyuma la upande huo huo, upande mmoja kwa wakati, ukijaribu barabarani kila mara. Tairi la aina hii likihamia nyuma, kwa kawaida mvuto wake hauhisiki tena.

Matairi yenye mshale wa mwelekeo ubavuni hayabadilishwi kushoto na kulia bila kutolewa kwenye rimu, kwa hiyo kwa gari la namna hiyo badilisha mbele na nyuma tu, mradi ukubwa unalingana.

Breki inayoshika yenyewe

Hapa upande una maana ya moja kwa moja: breki iliyokwama hulivuta gari kuelekea kwake, kwa sababu gurudumu hilo linazuiwa huku mwenzake likikimbia. Dalili zake ni harufu ya kuungua, rimu moja iliyojaa vumbi jeusi kuliko nyingine, gari kuwa zito na kusimama upesi ukiachia mafuta. Endesha kwa dakika 10 hadi 15 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, liache gari lipungue mwendo lenyewe hadi lisimame, kisha linganisha joto la magurudumu mawili ya mbele, halafu ya nyuma. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali ndicho bora. Usipokuwa nacho, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, kwani diski iliyokwama huunguza ngozi mara moja. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia katika ekseli moja ndiyo unayoitafuta, si joto lenyewe.

Gurudumu la moto likishajulikana, inua gari, liweke kwenye stendi, weka gia huru na ulizungushe kwa mkono. Pedi kugusa diski kidogo na kutoa mkwaruzo mwepesi ni jambo la kawaida. Gurudumu linalogoma, au linalosimama mara tu unapoliachia ilhali la upande wa pili linazunguka, lina breki iliyoshika. Kama ni gurudumu la nyuma, angalia pia kebo ya hendibreki ambayo huenda hairudi.

Sasa swali linakuwa kwa nini imeshika, na hapa ndipo watu wengi hununua kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) isiyohitajika. Kuna jaribio la dakika chache linalotenganisha vyanzo viwili. Ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho, na chombo kikiwa tayari kukinga mafuta ya breki, ambayo huharibu rangi ya gari yakimwagika, fungua kidogo skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye kalipa. Mafuta yakichuruzika kwa kishindo na gurudumu likawa huru papo hapo, kalipa ni nzima; kuna shinikizo lililonaswa juu yake na halikupata njia ya kurudi. Mafuta yakitoka bila nguvu na gurudumu likabaki gumu, tatizo ni la vyuma vya kalipa yenyewe: pistoni imeshika kutu, au pini ambazo kalipa inatelezea zimekauka.

Shinikizo likiwa ndilo lililonaswa, tafuta limenaswa wapi. Funga skrubu, kanyaga breki ili gurudumu lishike tena, kisha legeza kiungio ambapo bomba la chuma linaingia kwenye mpira wa breki, yaani bomba laini linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Gurudumu likiwa huru hapo, kizuizi kiko juu zaidi, kwenye masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali ya breki), au kwenye fimbo ya pedali isiyo na nafasi ya kurudi, au kwenye kifaa cha kudhibiti breki ili magurudumu yasiteleze. Likibaki limeshika, mpira wenyewe ndio mkosaji. Mpira wa breki huzeeka kuanzia ndani. Nje unaweza kuonekana mzuri, bila ufa hata mmoja, ilhali kuta zake za ndani zimevimba, au kipande kimebanduka na kuning'inia kama ulimi. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite kwenda kwenye kalipa, lakini pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Ndiyo maana gari lenye mpira wa namna hiyo lina tabia ya kipekee: ukikanyaga breki linavuta kwanza upande wa pili, kwa sababu mafuta yanachelewa kufika upande mbovu, na ukiachia linavuta upande mbovu kwa muda kabla ya kutulia. Dereva akikueleza hivyo, umeshapata nusu ya jibu kabla ya kuinua jeki.

Baada ya jaribio lolote la kufungua mfumo wa breki, bana viungio vyote, toa upepo kwenye mabomba, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na hakikisha pedali ni ngumu kabla ya gari kutembea hata mita moja. Asiye na uzoefu wa kazi hii aishie kwenye kupima joto na kuzungusha gurudumu, kisha amkabidhi fundi matokeo hayo.

Likivuta tu unapokanyaga breki

Hesabu ya pande hapa inageuka. Gari linaelekea upande ambao breki inashika vizuri zaidi, hivyo mara nyingi breki mbovu iko upande wa pili. Gari linalokimbilia kulia unapokanyaga breki linakwambia ukague kwanza gurudumu la mbele kushoto: pistoni isiyosogea, pini zilizoganda, mpira ulioziba, au pedi iliyolowa grisi kutoka kwenye mpira wa shafti uliopasuka. Toa pedi za pande zote mbili, uzipange sakafuni na kuzilinganisha. Pedi ya ndani iliyoisha ilhali ya nje ni nzima ni ishara ya pini zilizokauka. Pedi zilizolowa mafuta au grisi hazisafishwi zikafaa. Badilisha za ekseli nzima, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa sababu pedi mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine ni njia ya uhakika ya kulifanya gari livute.

Breki zikiwa sawa pande zote, tazama bushi za mikono ya chini ya saspensheni. Bushi iliyochanika huruhusu mkono mzima kurudi nyuma gurudumu linapozuiwa, na gurudumu hubadilisha uelekeo wake kwa muda huo huo. Mwombe mtu alisogeze gari kwa mwendo wa kutambaa na kukanyaga breki, mbele kisha nyuma, huku wewe ukiwa kando, nje kabisa ya njia ya gari, ukitazama nafasi iliyopo kati ya gurudumu na madigadi. Gurudumu linaloruka mbele na nyuma kuliko mwenzake limekupa jibu.

Likivuta unapokanyaga mafuta

Kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kiasi kidogo cha kuvuta unapokanyaga mafuta kwa nguvu ni cha kimaumbile, hasa pale shafti mbili zinazotoka kwenye gia boksi zinapokuwa na urefu tofauti. Kinachopaswa kukushtua ni mabadiliko: gari ambalo halikuwa hivyo sasa linavuta. Kagua viti vya injini, kwa kuwa injini iliyoinama upande hubadilisha pembe za shafti, kisha bushi na boliti za fremu ndogo inayobeba saspensheni. Gari linalokimbilia upande mmoja ukikanyaga mafuta na kurukia upande wa pili ukiyaachia karibu kila mara lina kitu kilicholegea, iwe mbele au kwenye ekseli ya nyuma, na linahitaji kuinuliwa na kutikiswa kwa nondo hadi kipatikane.

Viungo, beringi na springi

Magurudumu yakiwa hewani, shika gurudumu juu na chini, kama saa 12 na saa 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki. Mchezo ukitoweka ni beringi; ukibaki ni bolijointi (kiungo cha duara ambacho gurudumu linapinda juu yake) au sehemu nyingine ya saspensheni. Kisha shika kushoto na kulia kwa gurudumu na urudie. Mchezo hapa, ambao haukuwepo juu na chini, unatoka kwenye tairodi (fimbo inayolisukuma gurudumu lipinde) au reki ya usukani (chuma chenye meno kinachozisukuma fimbo hizo). Beringi mbovu huvuma mwendo unapoongezeka, na mvumo hubadilika ukipinda.

Springi husahaulika mno. Egesha gari tupu mahali tambarare, pima kwa futi ya chuma kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kupima hivi, badala ya kutoka ardhini, kunaondoa tofauti za matairi. Tofauti ya sentimita 1 au zaidi katika ekseli moja inastahili kuchunguzwa, kwa maana springi iliyolegea au iliyovunjika pindi lake la mwisho, ambalo hujificha ndani ya kikombe chake, hubadilisha pembe za gurudumu na hakuna alaimenti itakayodumu juu yake.

Usukani usiorudi katikati

Kwa gari linalovuta upande wa kona ya mwisho, kagua beringi iliyo juu ya shokapu za mbele. Zima injini, inua mbele, zungusha usukani taratibu huku mtu mwingine ameweka vidole juu ya springi. Springi inayokusanya nguvu kisha kuruka ghafla kwa mlio inaonyesha beringi iliyokwama. Bolijointi mpya iliyo ngumu mno, kiungio cha mhimili wa usukani kilichoshika kutu, na reki iliyobanwa kupita kiasi hufanya hivyo hivyo. Chanzo kingine ni cha kiufundi tu: bushi zilizokazwa wakati magurudumu yananing'inia. Mpira wa bushi hujisokota gari linaposhushwa na kuendelea kusukuma. Legeza boliti hizo na uzikaze gari likiwa limekaa kwa uzito wake.

Usukani wa mafuta unapimwa kwa kuinua mbele na kuwasha injini, mikono ikiwa mbali na usukani. Ukizunguka wenyewe, vali yake inapeleka mafuta zaidi upande mmoja. Usukani wa umeme unaweza kuvuta baada ya reki au kihisi cha pembe kubadilishwa bila kuwekwa upya sifuri yake kwa kompyuta.

Sasa ndipo alaimenti

Ukifika hapa ukiwa na upepo sahihi, matairi yasiyo na lawama, breki huru na viungo visivyocheza, vipimo vya alaimenti vitakuwa na maana. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada ya marekebisho. Vya kabla ndivyo vinavyoeleza ugonjwa. Kwenye karatasi hiyo kuna pembe tatu za kusoma.

Kemba ni kulala kwa gurudumu ukilitazama kutoka mbele, na gari huvuta kuelekea upande ambao juu ya gurudumu kumelala nje zaidi. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu linapinda juu yake, ukiutazama kutoka ubavuni. Gari huvuta kuelekea upande ambao mwinamo wake wa kurudi nyuma ni mdogo kuliko wa mwenzake. Kwa zote mbili, tofauti inayozidi takriban nusu digrii kati ya kushoto na kulia hutosha kuhisiwa mikononi, hata kama kila namba peke yake iko ndani ya kiwango cha mtengenezaji, na hapo ndipo karatasi yenye rangi ya kijani kote inapompoteza fundi asiyetoa moja kwenye nyingine. Tou ni jinsi magurudumu mawili yanavyotazamana mbele. Ile ya mbele hupindisha usukani na kula matairi, lakini mara chache huvuta gari, kwa sababu reki inayaunganisha magurudumu yote mawili na kuigawa tofauti. Ya nyuma ikiwa haina usawa, ekseli ya nyuma hulisukuma gari kwa mshazari na dereva hulazimika kushika usukani uliopinda ili aende sawa.

Kwa magari mengi madogo, kinachoweza kurekebishwa ni tou peke yake. Kemba au kasta ikiwa nje ya kiwango, hakuna skrubu ya kuigeuza. Maana yake kuna kitu kilichopinda au kuhama, kwa kawaida baada ya kugonga shimo, ukingo wa barabara au ajali: mkono wa saspensheni, shokapu, habu, au fremu ndogo iliyosogea pembeni. Pima umbali kati ya katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma upande wa kushoto, kisha wa kulia, usukani ukiwa umenyooka. Umbali usiolingana unakuambia gurudumu limesukumwa nyuma au fremu imehama. Mtaalamu anayejitolea kuilazimisha pembe kwa kupasha chuma moto na kukikunja asiruhusiwe kugusa kiungo cha saspensheni au usukani, kwani chuma hicho kimepoteza uimara wake na kitakatika bila kutoa taarifa.

Kazi ikiisha, rudi kwenye barabara ile ile, kwa mwendo ule ule na upepo ule ule wa matairi, ukiwa na karatasi uliyoandika siku ya kwanza, na ujaribu kila hali uliyoiorodhesha: mwendo wa kawaida, kukanyaga na kuachia mafuta, kukanyaga na kuachia breki, kona ya kushoto na ya kulia. Gari likiendelea kufuata mteremko wa barabara polepole na kubadilisha upande ukibadilisha njia, liache kama lilivyo. Likivuta katika hali moja tu iliyobaki, anzia kwenye sehemu ya mwongozo huu inayoihusu hali hiyo, bila kugusa kile ambacho kimeshapimwa kikaonekana kizima.